Kutilia shaka ahera si kuponda raha

Wengi hudhani kwamba mtu akishatilia shaka maisha baada ya kifo, kinachombakia ni kula, kunywa na kutomjali yeyote. Si kweli hata kidogo. Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 270 KK, alifundisha kwamba roho husambaratika pamoja na mwili: tukiwapo, kifo hakipo, kikifika, sisi hatupo. Hata hivyo hakuwa mlafi, ingawa jina lake limepakwa tope hilo kwa karne nyingi, tena kwa dhuluma. Kuishi leo, kwake, kulikuwa kupunguza tamaa. Aliridhika na mkate na maji, akauthamini mno urafiki, na katika wosia wake akaagiza watoto wa marehemu rafiki yake Metrodorus watunzwe.