Gatsby hakuandikwa ili tutamani sherehe zake

Watu wengi wakisikia The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iliyotoka 1925, hukumbuka shampeni, muziki wa jazi na magari ya kifahari. Siku hizi hata sherehe za kuzaliwa hupambwa "kwa mtindo wa Gatsby", kana kwamba kitabu kinayasifu maisha hayo. Ukikisoma utaona sivyo.

Chukua maktaba ya Gatsby, tajiri anayefanya sherehe hizo kwenye riwaya. Mgeni mmoja aliyelewa, mwenye miwani mikubwa, anashangaa kukuta vitabu ni vya kweli. Alidhani ni maboksi tu. Lakini kurasa hazijakatwa. Enzi zile vitabu vingi viliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana, na msomaji alizitenganisha mwenyewe kwa kisu. Yaani hakuna aliyevisoma. Vimepangwa pale vionekane.

Mapenzi nayo ni yale yale. Gatsby anampenda Daisy wa miaka mitano iliyopita, si huyu aliye mbele yake, mwenye mume na binti. Anamtaka atamke kwamba hakuwahi kumpenda mumewe hata siku moja. Daisy anashindwa, maana si kweli.

Kinachoniuma zaidi ni mazishi. Mamia walikula na kunywa kwake, wengi bila hata kualikwa. Siku ya kumzika, mvua ikinyesha, wanafika baba yake, Nick anayetusimulia, watumishi wachache, tarishi wa posta, na yule mgeni wa maktaba. Daisy hakutuma salamu wala ua.