Kambi ya kupima presha siyo uwajibikaji wa chuo cha udaktari

Chuo cha udaktari kikifunga turubai uwanjani na kupima watu presha na sukari bure, taarifa zitatoka kwamba kimetimiza uwajibikaji wake kwa jamii. Kambi ni jambo jema, na wapo wanaogundulika hapo wakawahi matibabu. Lakini hiyo ni hisani.

Uwajibikaji wenyewe ulielezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1995: ni wajibu wa chuo kuelekeza mafunzo, utafiti na huduma zake kwenye matatizo makuu ya afya ya jamii, mkoa au nchi ambayo kimekabidhiwa kuihudumia. Matatizo hayo hayachaguliwi na maprofesa peke yao. Serikali, watoa huduma, wanataaluma wa afya na wananchi huyapanga pamoja.

Charles Boelen, aliyeshiriki kuandika maelezo hayo, baadaye alitenganisha na mwenzake Robert Woollard hatua tatu ambazo kwetu hutiwa kapu moja. Kuna chuo kinachotambua tu kwamba kina wajibu: kinaweka somo la afya ya jamii, mwanafunzi anakariri, anafaulu, yameisha. Kuna kinachoitikia: kinatazama magonjwa yanayosumbua watu na kupanga mafunzo yaendane nayo. Halafu kuna kinachowajibika. Hiki kinauliza wahitimu wake wako wapi, wanafanya nini, na wagonjwa wa huko wamepata nafuu gani. Tena kinakubali kupimwa na watu wa nje kwa majibu hayo.

Mpaka wa hatua ya pili na ya tatu ndio unaonikera kila unapofutwa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa muda mrefu kimepeleka wanafunzi wake wa udaktari kwenye vituo vya afya vya vijijini kupitia COBES, programu yake ya mafunzo na huduma ndani ya jamii, wakaijue jamii pale inapoishi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini chuo kingine kikiiga safari hizo kikaishia hapo, kimeitikia tu. Safari ya mwanafunzi kijijini haitujulishi kama daktari atarudi huko, wala kama akirudi ataiweza kazi.

Na kazi ya huko ni pana. Hapa Tanzania daktari husoma miaka 5, akamaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha, akiajiriwa serikalini, anaweza kupangiwa wilayani. Akifika anakuta daftari za MTUHA, yaani za taarifa za huduma za afya, za kusoma na kutolea uamuzi, maombi ya dawa ya kupeleka Bohari ya Dawa kabla stoo haijakauka, na waganga na wauguzi wanaomtazama yeye. Usiku anaitwa kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Chuo kinachowajibika humfuata mpaka hapo, kikamuuliza yeye na wananchi nini kilipungua, kisha kikaubadili mtaala. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2010 kuhusu uwajibikaji wa vyuo vya udaktari, yaliyofikiwa East London, Afrika Kusini, yana maelekezo 10, na la kwanza kabisa ni kuyaona mapema mahitaji ya afya ya jamii.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika taarifa za vyuo, kambi iiteni huduma ya bure kwa jamii, na mwisifu inavyostahili. Uwajibikaji uandikeni siku chuo kitakapotuonyesha wahitimu wake wanahudumu wapi na wanaohudumiwa wanasemaje.