Kitabu cha Wageni Kaunta: Sheria ya Taarifa Binafsi kwa Wafanyabiashara wa Kigoma

Ingia gesti nyingi kati ya Mwanga na Ujiji, utakuta kitabu kikubwa kimefunguliwa kaunta. Mgeni anaandika jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Kabla hajaweka kalamu chini ameshasoma ya waliomtangulia: nani kaingia jana akitokea Kasulu, nani yuko chumba namba 6, na simu yake ni ipi. Kitabu chenyewe hakina kosa. Mwenye gesti anapaswa kujua amelaza nani, na polisi au uhamiaji wakija watakiulizia. Kosa ni kukiacha wazi kwa kila anayepita. Na ile safu ya kabila, wenye gesti wengi ukiwauliza inatumika kwa kazi gani watakwambia tu kwamba ndivyo daftari lilivyochapwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kanuni zake zilitoka mwaka huohuo wa 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wengi mjini hapa huichukulia kuwa ni ya mabenki na kampuni za simu. Lakini sheria inasema taarifa binafsi ni taarifa za mtu anayeweza kutambulika, zilizorekodiwa kwa namna yoyote. Haikusema kompyuta. Daftari la wakala wa pesa pale Kibirizi limo, faili la wapangaji limo, na orodha ya wadaiwa iliyobandikwa ukutani dukani nayo imo, tena hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Anayeamua taarifa zikusanywe kwa sababu gani na kwa njia ipi anaitwa mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa niaba yake, kama fundi wa mfumo wa mauzo au mhasibu wa nje, ni mchakataji. Wote wawili hawaruhusiwi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Tume, na cheti cha usajili hudumu miaka 5. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa Tume mtandaoni, na wanaokwama mara nyingi hawakwami kwenye mtandao. Hukwama kwa sababu hawajui wenyewe wanakusanya nini. Kwa hiyo kabla ya kufungua fomu, chukua karatasi na uandike kila mahali jina la mteja linapoingia: daftari, simu, kompyuta, kamera, bahasha ya nakala za vitambulisho. Mbele ya kila kimoja andika sababu, nani anakiona, na kitatupwa lini. Ukifika kwenye kitu usichoweza kukiandikia sababu, acha kukikusanya. Karatasi hiyo ina kazi kubwa kuliko cheti, maana cheti kikishatundikwa ukutani hakizuii mtu kupiga picha daftari.

Chukua mfano wa kivuli cha kitambulisho cha NIDA. Namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watu wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri ya simu. Mwenye kivuli hicho pamoja na namba ya simu ya mhusika ana mahali pazuri pa kuanzia kubahatisha. Sasa fuatilia safari ya kivuli chenyewe: mteja anatoa kopi steshenari, ya kwanza inatoka na wino hafifu, inatupwa kwenye boksi la karatasi mbovu, na boksi likijaa linachukuliwa na muuza maandazi. Mteja wa maandazi anaondoka na jina, picha na tarehe ya kuzaliwa ya mtu asiyemjua, vimelowa mafuta. Mwenye steshenari anahitaji mambo mawili tu: boksi la karatasi mbovu lililofungwa, na kuzichana vipande vidogo au kuzichoma kila jioni. Vitambulisho vilivyoskaniwa na faili zilizoletwa kwa flashi zifutwe kwenye kompyuta mteja akiwa bado amesimama pale.

Biashara nyingine zijiulize kwanza kama zinahitaji kivuli kabisa. Mara nyingi inatosha kukitazama kitambulisho, kuandika namba na kumrudishia mwenyewe. Kuna wanaojitetea kwamba sheria ya kodi inawataka watunze kumbukumbu miaka 5. Ni kweli, lakini zinazotakiwa ni kumbukumbu za biashara: risiti, ankara, mapato na matumizi. Nakala ya kitambulisho cha mteja aliyenunua simenti mifuko kumi haimo.

Zipo pia taarifa binafsi nyeti. Humo kuna afya, asili na kabila, dini, itikadi ya siasa, alama za vidole, taarifa za watoto, na jambo ambalo hushtua mawakala: miamala ya fedha ya mtu. Hizi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo, zinahitaji ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Duka la dawa linaloandika jina la mgonjwa na dawa aliyopewa limeingia humu, na saluni inayorusha picha ya mtoto aliyesukwa kwenye status ya WhatsApp pia. Ridhaa hapo ni ya mzazi au mlezi. Sentensi ya "nakubali taarifa zangu zitumike kwa shughuli yoyote" haifai kitu. Ridhaa itaje kazi yenyewe, kwa Kiswahili anachokielewa anayesaini, na mteja ana haki ya kuiondoa. Akisema hataki tena meseji za ofa, namba yake itoke kwenye orodha.

Kigoma ina jambo ambalo mikoa mingi haina, nalo ni ziwa. Wakala wa mizigo anapiga picha pasi ya kusafiria ya mteja na kumtumia mwenzake Kalemie, Uvira au Bujumbura kwa WhatsApp, ili mzigo upokelewe. Kwake ni meseji tu. Kisheria huo ni usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi, na kanuni zinataka kibali cha Tume. Omba kibali kimoja kinachoeleza mtiririko wa kawaida wa kazi yako: taarifa zipi, zinakwenda nchi gani, kwa nani, na anazilinda vipi. Mkataba wa maandishi na huyo mwenzako wa ng'ambo uwepo. Kumbuka pia kwamba kuhifadhi orodha ya wateja kwenye kompyuta kuu iliyoko nje ya nchi, kupitia programu ya simu, ni kuvusha taarifa vilevile, hata kama wewe hujawahi kupanda boti.

Sheria inataka uteue afisa ulinzi wa taarifa binafsi. Katika duka la watu watatu, anayefaa aghalabu ni yule anayeshika funguo za kabati.

Adhabu si ndogo. Kufichua taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumgharimu mtu binafsi faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni faini yake ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Mbali na mahakama, Tume yenyewe inaweza kutoza faini ya hadi milioni 100.

Simu ya duka ikiibiwa, usianze na kununua nyingine. Zuia laini siku hiyohiyo, ondoa akaunti ya WhatsApp kwenye simu iliyopotea, kisha andika ni wateja gani walikuwa humo na taarifa zao zipi. Itaarifu Tume bila kuchelewa. Waarifu na wateja wenyewe, ili wabadilishe namba za siri kabla mwizi hajaanza kupiga simu akijifanya wewe. Vivyo hivyo mfanyakazi anapoacha kazi: badilisha nywila, na daftari lirudi kabla hajalipwa siku zake za mwisho.

Mteja aliyeumizwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume, ambayo ina siku 90 za kuyachunguza na kuyaamua, na inaweza kuongeza nyingine zisizozidi 90. Mfanyabiashara akiitwa, aende na cheti cha usajili, fomu za ridhaa, mikataba na wachakataji, na ile karatasi aliyoiandika kabla ya kufungua fomu.