Meli ya Pegasus iko chini karibu mita 40, uvuguvugu wa maji hausaidii kitu

Malalamiko yamezidi, mara manahodha wanatia nanga juu ya meli yenyewe, mara mgeni kapanda boti na ganda la shaba la risasi ya mzinga kwenye mfuko, kwaio tunaandika. Wengi hamna nia mbaya, tunajua.

Pegasus ndo ile manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani 20 Septemba 1914, ilipokuwa imetulia hapa hapa bandarini Unguja inatengenezwa mashine, ikazama. Sasa kila siku tunaambiwa ati maji yetu vuguvugu, hatari iko kwa wanaozamia huko Ulaya. Jamani! Kule Scapa Flow, Scotland, kwenye manowari za Wajerumani zilizozamishwa na mabaharia wao wenyewe 1919, baridi inamkumbusha mtu kupanda juu. Hapa hakuna wa kukukumbusha. Mita 40 presha ni mara 5 ya juu huku, mtungi wa hewa wa kukutosha saa nzima juu kabisa ya maji unakwisha dakika 12 hivi, na kuanzia kama mita 30 naitrojeni inalewesha, mtu anacheka peke yake huku anamfukuzia chewa ndani ya vyuma.

Kupanda ni mita 9 kwa dakika, si zaidi, unasimama mita 5 kwa dakika 3, kompyuta yako ya kuzamia ikitaka zaidi unakaa. Halafu masaa 18 usipande ndege, naitrojeni bado haijatoka mwilini, na ile ya Dar ya dakika 20 nayo ni ndege, msituulize tena. Panda boti.

Nanga ndo inatuumiza zaidi. Vile vyuma vimeota matumbawe laini, mkunga anachungulia kwenye bomba, kolekole na mzia wanazunguka juu, nanga moja inang'oa vya miaka. Fungeni kwenye boya.

Ukiona kitu usikiguse, risasi za zamani zinaweza kuripuka bado. Piga picha, andika kina na mahali, tuletee taarifa. Anaetaka kushika mzinga wa Pegasus upo Mombasa, Fort Jesus, akaushike kule. Na kama ushakitoa kitu kisicho risasi, kilete ndani ya ndoo ya maji, mana chuma kilojaa chumvi kikikauka kinapasuka vipande, tutaandika maelezo yako ulikipata wapi na nani alikuwa nahodha, utasaini, na tafadhali usikisugue na ndimu kabla hujaja.