Ukingo Huanguka Mto Ukishashuka

Watu wakiniona na gambuti kando ya Mto Nairobi wakati wa mvua hudhani hapo ndipo kazi ilipo. Kumbe mvua ikinyesha sina la kufanya sana. Nasimama darajani, nasoma ubao wa kipimo, naangalia kama takataka zimeziba matundu ya kalvati, basi. Kazi yenyewe, kukagua ukingo na njia ya miguu iliyo juu yake, ni ya kesho yake, jua limewaka, maji yamepungua na kila mtu anasema afadhali.

Mto ukijaa, maji hayapiti tu. Mengine huingia taratibu ndani ya udongo wa ukingo, ukawa mzito kama gunia lililoloa. Hapo bado hauanguki, kwa sababu maji ya mtoni nayo yameuegemea kwa nje. Sasa, mito ya Nairobi hupanda haraka na kushuka haraka. Jiji ni lami na mabati, mvua haina pa kunywewa, yote hukimbilia mtoni mara moja na kupita. Maji yakishuka, lile egemeo limeondoka, ilhali yaliyo ndani ya udongo hayajapata muda wa kutoka. Ukingo unabaki umeloa chepechepe bila wa kuushika. Ndipo unapoporomoka, pengine usiku mkavu kabisa.

Dalili ya kwanza haionekani mtoni, huonekana kwenye njia ya miguu. Wenzetu Uingereza njia za kando ya mifereji zilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliovuta mashua. Zetu ni za watu wa kwenda Gikomba alfajiri wakiwa na marobota kichwani. Lakini kwangu mimi njia ni kifaa cha kupimia, na ndiyo maana nagombana na yeyote anayeimwagia kifusi juu ya nyufa ili ipendeze.

Nyufa zenyewe zina lugha yake. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi, kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukiloa na kupasuka ukikauka. Januari utaona nyufa zimekatana huku na huku kama mgongo wa kobe, nyingine zinameza kiganja. Hizo hazinitoi jasho. Ninazoziogopa ni zile zinazofuata mto: ufa mmoja mrefu, sambamba na maji, ncha zake mbili zikijipinda kuelekea mtoni kama mwezi mchanga. Huo si ukavu. Hicho ni kipande cha ukingo kinachojitenga, na upande wa mtoni mara nyingi umeshashuka kidole kimoja au viwili. Ukipitisha kiatu juu yake utakihisi kabla hujakiona.

Nikiukuta, nagongomelea vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande, napima umbali kati yake kwa milimita na kuuandika pamoja na tarehe. Napiga na picha, kila mara nikisimama palepale. Vifaa vya bei vipo, lakini mimi huwa napata jibu kwa vigingi, futi kamba na daftari, na vigingi vikiibwa sipotezi kitu. Na huibwa, chuma chakavu kina soko.

Kosa langu kubwa la miaka ya mwanzo halikuhusu nyufa. Kabla ya masika niliwaambia vijana wafyeke mabingobingo yote hadi kwenye shina, maana yalificha takataka na watu walilalamika kuhusu vibaka. Pakapendeza. Mvua ya tatu ikachukua karibu mita moja na nusu ya njia. Yale majani yalikuwa yakilala juu ya ukingo mto ukijaa, yakiufunika kama mkeka, na mizizi ikishika udongo chini. Siku hizi tunakata yafike gotini, upande wa njia tu, na tunayaacha yale ya kwenye mteremko. Hoja ya vibaka bado ni ya kweli. Taa ingesaidia zaidi ya panga.

Kuhusu njia yenyewe nina jambo moja tu: iinamie mbali na mto. Maji ya mvua yakivuka ukingo kushuka mtoni huchimba vijifereji, na kila kijifereji ni mlango. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha, yaani njia ya mita 2 iwe na tofauti ya sentimita 4, kisha mtaro mdogo upande wa ndani, unaomwaga mtoni sehemu chache zilizosakafiwa kwa mawe. Sihitaji hesabu kukagua. Namwaga mtungi wa lita 20 katikati na kuangalia maji yanachagua upande gani.

Wiki hii nina ufa wa mwezi mchanga karibu na mama mmoja anayechoma mahindi. Yeye ndiye aliyeniita. "Injinia, jana jioni udongo umelia hapa, ta! kama ukuni." Mimi si injinia, nimeacha kumsahihisha. Jumatatu vigingi vilisoma milimita 212. Jumatano vikasoma 219, na katikati hapakunyesha hata tone. Tukafunga kamba.

"Sasa wateja wangu wapite wapi?"

"Juu kule, mama, kando ya ukuta."

"Kule moshi unaingia kwa fundi cherehani."

Tulibeba jiko pamoja, mimi mkono huu, yeye ule, makaa yakiwa bado mekundu. Fundi cherehani ameshaanza kukohoa kwa makusudi.