Mkoromo wa mtu aliyezidisha unga

Ukiwauliza watu madhara ya dawa za kulevya, watakutajia kukonda, wizi na kuchanganyikiwa. Yote hayo yapo. Ila kinachotutia hofu zaidi sisi tunaotibu waraibu ni mtu anayekata roho huku wenzake wakidhani amelala.

Heroini, au unga, ikiingia mwilini hugeuka mofini na kulegeza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini ni za ukoo huohuo, hata zikinunuliwa duka la dawa. Kipimo kikizidi, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, midomo hugeuka bluu au kijivu, na mtu hukoroma mkoromo mzito wa kukwama kooni. Umwite, umfinye, haamki. Mkoromo huo huwadanganya wengi: "Mwache alale, stimu itamwisha." Jamani, msimwache! Mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, msimnyweshe maziwa wala maji, iteni gari la wagonjwa. Akiacha kupumua, mpulizieni pumzi mdomoni. Nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, humrudishia pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, kwa hiyo hata akiamka na kudai yuko sawa, asiondoke hospitalini mapema.

Hatari hiyo hupanda mno unga unapochanganywa na pombe au vidonge vya usingizi kama diazepamu, kwa kuwa vyote hukandamiza pumzi. Hupanda pia mtu anapotoka gerezani au kwenye nyumba ya matibabu. Mwili wake umeshapoteza mazoea, naye anarudia kipimo chake cha zamani.

Kuna na hili la kumfungia mraibu chumbani "mpaka arosto iishe", yaani mateso ya kukosa kilevi alichokizoea. Arosto ya unga humtesa kwa maumivu ya mifupa, jasho, kutapika na kuhara, na akiishiwa maji mwilini anaweza kufa. Ya pombe ni hatari zaidi: mnywaji mkubwa wa kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege, kisha kuweweseka siku ya pili hadi ya nne, na wapo wanaofariki. Vidonge vya usingizi navyo haviachwi ghafla. Huyo apelekwe kwa daktari kwanza.

Kokeini hubana mishipa ya moyo, na huweza kuleta shambulio la moyo hata kwa kijana mwenye afya. Kunusa gundi kunaweza kusimamisha moyo hata mara ya kwanza. Bangi haikati pumzi, lakini kijana anayeivuta kila siku anajiongezea uwezekano wa kupata ugonjwa wa akili, hasa kama kwao umeshawahi kuwapo.

Ndugu wengine huikataa methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa unga, wakisema ni unga mwingine. Dawa hii hunywewa mara moja kwa siku, kwa kipimo cha daktari. Hutuliza arosto bila kumpandisha stimu, akaweza kwenda kazini, na akaachana na sindano za kuchangia zinazosambaza virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Wengi huihitaji kwa miaka, na kuikatiza mapema ili kuwaridhisha nyumbani huwarudisha kwenye unga.