Je, wajua kwa nini simu huisha chaji upesi penye mtandao hafifu?

Umetoka nyumbani simu imejaa chaji. Basi limepita Mombo, limeanza kukwea zile kona za kwenda Lushoto, na vijiti vya mtandao vimebaki kimoja, mara hakuna kabisa. Hujapiga simu wala kufungua video. Unaitoa mfukoni: ya moto, chaji imeshuka vibaya. Wengi hapo huilaumu betri, na betri haina kosa.

Simu ni redio inayosikiliza mnara na kuujibu. Kusikiliza ni kazi nyepesi; kujibu ndiko kunakokula chaji. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Ukiwa mbali, hulazimika kupaza sauti, tena kwa amri ya mnara wenyewe, unaopima unavyoisikia na kuiambia ipandishe au ipunguze. Kwenye 2G amri hiyo huja kama mara 2 kwa sekunde, kwenye 3G mara 1,500. Simu ya 2G katika masafa ya megahezi 900 inaweza kurusha kwa miliwati 3 hivi, au kupanda hadi wati 2. Hiyo ni zaidi ya mara 600!

Umbali nao una hesabu kali. Mahali peupe, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika huwa mara 4. Penye miti, kuta na mabonde inaweza kukaribia mara 16.

Lakini wewe hukupiga simu, sasa chaji imekwenda wapi? Penye mtandao mzuri, simu isiyotumika hulala karibu muda wote. Huamka kwa ratiba, kwa mfano kila baada ya sekunde 1.28, ikasikiliza kama kuna anayekutafuta, ikalala tena. Ikipoteza mnara, ratiba hiyo haipo tena. Huanza kupekua masafa moja baada ya jingine, ikikosa inarudia, na usingizi unakuwa wa mang'amung'amu.

Mnara pia una shida yake. Sehemu kubwa ya umeme wake huliwa na amplifaya, kifaa kinachoyaongezea nguvu mawimbi yake, na mwingi huishia kuwa joto. Mnara wa 4G hurusha alama za kujitambulisha kila milisekunde, hata saa tisa usiku kijiji kizima kimelala. Pale ambapo umeme wa gridi haujafika na mnara unaendeshwa kwa jenereta, alama hizo zinalipiwa kwa dizeli. Kwenye 5G alama za msingi kwa kawaida hutoka kila milisekunde 20, na katikati hapo mnara usio na kazi unaweza kuzima baadhi ya vifaa vyake. Watu husifia kasi ya 5G. Kwangu mimi, huku kupumzika ndiko kwa maana zaidi.

Kwa hiyo ukifika Mombo, bonyeza kile kialama cha ndege. Simu haitapekua chochote njiani. Ukishuka stendi ya Lushoto, kiondoe, upige simu nyumbani kwamba umefika.